Alama ya Kutoa kwenye Mguu wa Mzee Mhina

Vijana mnaokuja uani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, na kompyuta zenu kwapani, mkishavua viatu na kuniamkia, sentensi yenu ya kwanza huwa ni ileile: "Bi Saada, mashine haifanyi kazi." Nami nanyamaza. Mnadhani sijasikia, mnarudia kwa sauti ya juu zaidi. Nasikia, wanangu. Karakana imenila masikio kidogo, lakini si kiasi hicho. Nanyamaza kwa sababu bado hamjaniambia kitu.

Hata mimi niliwahi kuitamka sentensi hiyo, nikiwa na miaka ishirini na mbili, katika karakana ya shamba la mkonge huko Muheza. Nilikuwa nimeajiriwa kuandika vifaa vinavyotoka na kuingia stoo, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mashine za kukereza chuma, hadi fundi mkuu akachoka kunifukuza akanipa ovaroli. Fundi huyo ndiye Mzee Mhina. Alikuwa Mbondei mfupi, kifua kipana, miwani imefungwa kwa waya wa shaba sikio la kushoto. Siku hiyo alikuwa ananoa kisu. Nikamwendea.

"Mzee, mashine haifanyi kazi."

Hakuinua kichwa. "Inafanya nini?"

"Haifanyi kazi."

"Hilo nimelisikia. Nakuuliza inafanya nini. Inanguruma? Inanuka? Inazunguka halafu inasimama? Nenda kaitazame, ukirudi uniambie ulichokiona kwa macho yako."

Nilikwenda nikarudi mara tatu. Mara ya tatu nikamwambia, "Inazunguka vizuri, ila nikiingiza kisu ndani ya chuma mkanda unateleza, halafu nasikia harufu ya mpira."

Akaweka kisu chini, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Basi umeshaitengeneza," akasema. "Bado kukaza mkanda tu."

Hayo nayaeleza kwanza ili mjue nilikotoka, maana wengine mnaniona na hizi mashine za kompyuta mnadhani nilizaliwa nazo. Sikuzaliwa nazo. Nilizipata nikiwa bibi mwenye wajukuu, nimestaafu, nakaa barazani nikisuka ukili na kuona vidole vyangu vinatafuta chuma.

Aliyenitia ndani yake ni jirani yangu, Mwalimu Hatibu. Alisomesha fizikia sekondari hadi akastaafu, na alikuwa na tabia ya kueleza jambo huku akichora hewani kwa kidole. Asubuhi moja alikuja na sufuria ya mihogo aliyopika mkewe, na mkononi karatasi. Akaniambia kuna programu ya kuendesha mashine ya kukata, imeandikwa na watu wa dunia nzima, imewekwa wazi, kila mtu anaichukua, anaifungua na kuona ndani yake imefumwaje.

"Bila kumwomba mtu?" nikauliza.

"Bila kumwomba mtu. Kompyuta nnayo, ile kuukuu. Hesabu nazijua. Sijui chuma."

"Na mimi sijui kompyuta."

"Ndiyo nimekuja, Bi Saada."

Tukaijenga mashine hiyo katika chumba cha nyuma nilichokuwa nikiweka kuni na mbuzi wa kukunia nazi. Fremu tuliunga kwa vyuma vya vitanda vya zamani. Mota tatu za kwenda hatua kwa hatua zilitoka kwenye mashine mbovu za kunakilia karatasi: moja ya kwenda mbele na nyuma, moja ya kulia na kushoto, moja ya juu na chini. Skrubu ndefu za kusukumia tulizinunua, na hapo ndipo nilipopata aibu ya kwanza.

Programu hiyo ina faili la mipangilio. Ni maandishi matupu, kila mstari na jambo lake, na ndiyo roho ya mashine. Kompyuta haijui mashine yako ina ukubwa gani wala skrubu yako ina meno mangapi. Inajua ulichoiandikia tu. Mstari mmoja unasema mota ipige hatua ngapi ili mashine isogee milimita moja. Muuzaji alikuwa ameniambia skrubu ile ikizunguka mara moja inasogea milimita tano. Mwalimu akafanya hesabu, akaandika 320. Tukaiamuru mashine isogee milimita mia moja. Ikasogea, tena kwa madaha. Nikaipima kwa kalipa. Themanini.

Mwalimu akaanza kuchora hewani. Labda umeme mdogo, labda mota dhaifu, labda kompyuta imezeeka. Siku nzima tulitafuta mchawi. Mwisho nikachukua skrubu yenyewe, nikaweka rula, nikahesabu meno. Ilikuwa ya milimita nne. Mimi, niliyekata meno ya skrubu zaidi ya miaka thelathini, nilimwamini muuzaji kwa mdomo. Mwalimu alicheka hadi akalazimika kukaa juu ya kibao cha mbuzi.

Dawa yake ni nyepesi, ishikeni. Chukua namba iliyomo, zidisha kwa umbali ulioamuru, gawanya kwa umbali uliopima. Mia tatu na ishirini mara mia moja, gawanya kwa themanini, unapata mia nne. Ukishaandika, pima tena, na upime umbali mrefu, maana kosa dogo linajificha kwenye umbali mfupi.

Tulikaa mwaka mzima tukichonga vitu vya kujifurahisha: duara, miraba, nyota za pembe nane, maua ya kupamba vibao vya mbuzi vya majirani. Kila ua lilitoka sawa. Nilijiona nimeshafuzu. Halafu Agnes akanipigia simu.

Agnes ni binti wa Mzee Mhina. Nilimjua tangu akiletwa karakana mgongoni mwa mama yake. Aliniambia baba yake ana kisukari cha miaka mingi, sasa kimeingia mguu wa kushoto. Amekatwa vidole viwili, na chini ya unyayo ana kidonda kinachofunga na kufunguka. "Daktari amesema kikifunguka tena watakata hapa," akasema, na ingawa simwoni nilijua anaonyesha chini ya goti.

Nilikwenda Muheza kesho yake. Nilimkuta amekaa kitandani, miwani mipya, kifua kimepungua. Aliponiona akauvuta mguu akaufunika kwa shuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Saada. Umenenepa."

"Ni uzee, mzee."

"Uzee ninao mimi. Wewe ni mkate."

Tukacheka. Lakini shuka hakuliondoa. Mtu huyu aliwahi kutolewa kipande cha chuma kiganjani mbele yetu sote huku anaelekeza namna ya kukishika kwa koleo, leo anaona haya kunionyesha unyayo. Nilimwona kwa jicho la pembeni akitazama ndala zake chini ya kitanda. Agnes alikuwa ameshanieleza barabarani: hakatazwi akakatazika. Akiachwa peke yake anavaa ndala na kwenda kutazama migomba yake, na ndala ndizo zinazoua ule unyayo, kwa kuwa hausikii maumivu. Hospitali walisema anahitaji kiatu chenye kitanda cha ndani kilichofinyangwa kwa umbo la mguu wake, kikiacha shimo pale penye kidonda ili uzito uende kwingine. Viatu vya namna hiyo vinaagizwa mbali, na foleni yake ni ndefu. Mtaalamu wa viungo alikuwa ameshampiga plasta, mguu mzima umetoka mweupe kama wa sanamu, unasubiri.

Nikauchukua ule mguu wa plasta, nikaugeuza kama nilivyozoea kugeuza kitu kilichotoka kwenye mashine. Nikauliza, "Mzee, nikupe mimi kalibu, yaani umbo la unyayo huu kwa mbao, fundi viatu akandike mpira wake wa moto juu yake?"

"Kwa nini usitumie hii plasta?"

"Ukiipiga nyundo mara moja inapasuka. Na tukitaka kuongeza shimo la kidonda kidogo, plasta hairekebishiki. Kwenye kompyuta nabadilisha namba tu."

"Nilikufundisha kukereza chuma. Sasa umekuja kukereza mguu wangu." Halafu, taratibu, akaondoa shuka. "Tazama basi. Huwezi kufanya kazi usiyoiona."

Nikautazama. Sitawaeleza nilichokiona. Nitasema tu kwamba nilipotoka nje niliomba maji ya kunawa uso, na Agnes akanielewa.

Plasta niliifunga kanga mbili nikaipakata hadi Tanga. Mama mmoja kituoni akainama kuchungulia, akaniuliza, "Mtoto wa nani huyo?" Nikamjibu, "Wa Mzee Mhina." Akaniombea Mungu amkuze.

Mimi na Mwalimu tuliupima unyayo huo kwa mkono. Tuliulaza chali, tukauchorea vimraba vya nusu sentimita, na kila kona ya mraba nikashusha kipimo cha kina, yeye akaandika. Kona zilikaribia elfu. Kazi hiyo ilituchukua siku mbili, na mkewe alikuja mara kadhaa kututazama mlangoni, wazee wawili tumeinamia mguu mweupe tunatamkiana namba, akaondoka bila kusema neno. Mwalimu akaziingiza namba kwenye kompyuta, zikageuka mlima na mabonde kwenye kioo. Tukafunga ubao wa msonobari mezani. Mashine ikaanza kukata, mstari kwa mstari, kama mtu anayelima tuta.

Saa ya tatu ya kukata, mashine ilikuwa imefika katikati ya unyayo, ikashtuka. Kishindo kidogo, kama mtu aliyejikwaa akajizuia. Ikaendelea. Ilipomaliza, kisigino kilikuwa kimehamia pembeni kwa upana wa ukucha. Tukarudia kwa ubao mwingine. Ikashtuka tena, safari hii mapema zaidi.

Nikakaza kila kitu. Nikapunguza kasi. Nikapunguza ile namba ya kuondokea, yaani mashine isianze kwa kuruka bali ianze kama gari lililobeba mayai. Nalo ni jambo la kwanza la kujaribu mnapoona mashine inapoteza hatua. Haikusaidia. Nilikuwa na hofu sasa, maana Agnes alipiga simu kusema mzee amekutwa tena kwenye migomba, na bandeji ina doa.

Programu hii, kama mjuavyo, ina baraza lake mtandaoni, watu wanaulizana na kujibizana bila kuonana. Mwalimu alitaka kuandika, "Mashine yetu inakosea, tusaidieni." Nikamwambia, "Hapana, Mwalimu. Tuwaambie inafanya nini." Tukaandika yote: mota gani, kompyuta gani, inashtuka baada ya muda gani, inahamia upande gani, tumejaribu nini. Tukaambatisha faili la mipangilio lote, bila kuchagua kipande tunachodhani ndicho, maana kosa kwa kawaida liko kwenye kipande usichokidhania. Siku iliyofuata mtu akajibu kutoka nchi ambayo hadi leo siijui. Mwalimu akasoma kwa sauti, akitafsiri:

"Anauliza, mlipoiwasha siku ya kwanza, programu haikuwapa onyo lolote kuhusu kuchelewa?"

Lilikuwepo onyo. Kisanduku kidogo kilichotokea mara moja, Mwalimu akabonyeza "sawa" kikapotea.

"Endelea," nikasema.

"Anauliza... wakati mashine inakata, kompyuta inafanya kazi gani nyingine?"

Chumba kikawa kimya. Si kimya hasa, maana taarabu ilikuwa inapiga. Mwalimu hawezi kufanya kazi bila taarabu, na nyimbo zake zote alikuwa nazo kwenye kompyuta ileile. Alinyoosha mkono polepole akazima.

Nawaeleza sababu ili msicheke bure. Kompyuta yetu ndiyo iliyokuwa inatuma mapigo kwa mota, maelfu kwa sekunde, na kila pigo lina wakati wake. Ikikatizwa kwenda kufungua wimbo mpya, pigo linachelewa, mota inaruka hatua. Programu yenyewe ina jaribio la kupima huko kuchelewa. Liacheni liende, nanyi mfungue madirisha, mzungushe kipanya, mfanye fujo zote. Tulilifanya. Namba ilikaa chini imetulia, hadi Mwalimu alipogusa folda yake ya nyimbo, ikaruka juu kama mtu aliyekanyaga moto. Tangu siku hiyo kompyuta ya mashine haikupiga muziki. Alinunua redio, akaiweka dirishani, akawa anaitazama kwa huzuni kama mke wa pili asiyempenda.

Tukachonga tena. Mashine ikakata kwa saa sita kamili bila kujikwaa. Nikapiga msasa, nikapaka mafuta, nikaona mashimo yote yako mahali pake, hata lile bonde la kidonda. Nikaenda Muheza nimekishika kile kibao kama sinia la harusi. Mwalimu alikuja pia, amevaa kanzu. Rashidi fundi viatu, ambaye duka lake liko karibu na soko la pale Muheza, tulimwita atukute nyumbani kwa mzee.

Mzee Mhina akakichukua kibao. Akakipitisha kidole gumba, kisha akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Sote tumesimama. Akanyoosha mguu wake wa kushoto akakiweka kibao sambamba na unyayo. Akakihamisha kwenye mguu wa kulia.

"Saada."

"Naam mzee."

"Huu ni mguu wangu wa kulia. Ila una kidonda cha kushoto."

Rashidi akajifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wake. Mwalimu akanyanyua kidole kutaka kuchora hewani, akakosa cha kuchora. Mbao tatu, wiki mbili, na nimemletea mtu mguu uliotazama kwenye kioo.

Mzee Mhina alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha karakana ambacho sikuwa nimekisikia miaka mingi, hadi Agnes akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Umenikatia tena meno ya kushoto!" akasema. "Agnes, huyu mtu, nilimpa ekseli ya korona, ile mashine ya kukwangua mkonge. Kipande kimoja tu cha chuma tulichokuwa nacho shamba zima. Akakata meno siku mbili, meno mazuri, yanang'aa. Tunakwenda kufunga nati, haishiki. Alikuwa ameweka mkono wa gia upande wa nyuma. Amekata skrubu inayofunga kwa kufungua!"

"Ulisemaje, mzee?" Mwalimu akauliza.

"Ningesema nini? Nikamwambia akate na nati ya kushoto. Ikafanya kazi hadi nilipostaafu. Kila fundi mgeni aliyekuja kuifungua alikuwa anaikaza."

Kisha akaacha kucheka, akanirudishia kibao. Sauti yake ikawa ya zamani, ile ya kufundishia. "Mguu hauna nati ya kushoto, Saada. Mashine yako ina mhimili mmoja unaokwenda kinyume. Ukibonyeza iende mbele, inakwenda wapi?"

Nikafikiri. Ukibonyeza mshale wa juu, ile mashine ilikuwa inakuja kwangu. Siku ya kwanza nilipoona hivyo nilijua nyaya mbili za mota nimezibadilisha, nikasema moyoni, si neno, nitazoea. Nikazoea. Na maua na nyota na duara, ukiyageuza kwenye kioo, ni yaleyale. Mwaka mzima mashine yangu ilikuwa inaandika kinyumenyume, nami sikuipa neno la kuandika.

"Inakuja kwangu, mzee."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Hakunigombeza. Akaegemea ukuta. "Mimi pia najua kwamba ndala ni mbaya," akasema. "Tufanyeje sasa?"

Tukapatana hapohapo, mbele ya mashahidi. Yeye hatashuka kitandani bila magongo na bila kuinua ule mguu, na mimi nitarudi siku ya nne na mguu wa kushoto. Alitoa ndala zake chini ya kitanda, akampa Agnes akazifungie kabatini. Ilimuuma kuzitoa, nilimwona.

Kazi ya kurekebisha ilichukua muda mfupi kuliko kuvua viatu. Kwenye faili la mipangilio, ule mstari wa namba ya hatua wa mhimili wa mbele na nyuma ulisema 400. Nikaweka alama ya kutoa mbele yake. Kistari kimoja. Nikahifadhi, nikazima, nikawasha. Mshale wa juu, mashine ikaenda mbele. Halafu, kabla ya kugusa mbao nzuri, nikachonga herufi S kwenye kipande kibovu, ikatoka S ya kusomeka. Ndiyo maana nawalazimisha, kila mashine mpya mnayoniletea, muichongeshe jina lenu kwanza. Mnadhani ni majivuno yangu.

Mguu wa kushoto ulitoka. Rashidi alipasha moto mpira mzito, akaulaza juu ya kalibu, akaufunga kwa vipande vya tyubu za baiskeli hadi ukapoa. Akashona ngozi laini juu, akatengeneza viatu viwili vipana, vyeusi. Mguu wa kulia tulimfanyia vilevile ili asichechemee.

Siku ya kuvijaribu, Mzee Mhina alikataa kusaidiwa kufunga kamba. Alisimama ameshika ukingo wa kitanda. Akaachia. Akapiga hatua hadi mlangoni, akasimama, akasikiliza, kama alivyokuwa akisikiliza mashine iliyotoka kufungwa.

"Inafanya nini, mzee?" nikamuuliza.

"Inabeba," akasema. "Inabeba pande zote." Akatoka nje.

Mtaalamu wa viungo alimwambia avae nusu saa tu siku ya kwanza, kisha avue, Agnes atazame kama kuna wekundu. Paliota wekundu kidogo ukingoni. Nikapunguza milimita moja kwenye namba, Rashidi akaupasha upya. Wiki ya tatu wekundu hakuna. Mwezi wa tatu kidonda kilifunga, na hakikufunguka tena. Jumapili moja Agnes alinipigia simu, akainyanyua hewani ili nisikie kengele ya kanisa, na baba yake akasema kwa mbali, "Nimekuja mwenyewe! Mwambie nimekuja mwenyewe!"

Tuliwatengenezea watu wengine kumi na wawili baada yake, yaani niseme kwa sababu yake, kutoka Pangani hadi Moa. Wengine walipona, wengine tuliwafikia wamechelewa. Mwalimu Hatibu ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Redio yake iko dirishani bado, mkewe alikataa kuichukua. Programu nayo imebadilika. Siku hizi mnatumia kadi ndogo inayotuma mapigo yenyewe, kompyuta inaweza kupiga taarabu hadi ichoke, na mipangilio mnaibonyeza kwenye simu. Ni vizuri. Siwaonei wivu. Ila wakati mwingine mnapoondoka nakaa kwenye kile chumba nikitamani kusikia mtu ananitamkia namba.

Mzee Mhina aliishi miaka minne na vile viatu. Alipofariki ilikuwa kwa kifua, na alizikwa Muheza akiwa na miguu yake yote miwili. Baada ya matanga kuanuliwa, Agnes alikuja hapa na mfuko. Alisema baba aliagiza viatu virudishwe kwa fundi. Alikunywa chai, akaondoka kuwahi basi.

Nikakaa navyo mapajani. Nikavigeuza. Soli zilikuwa zimelika hasa, Rashidi alishazibandika upya mara mbili na bado zimelika. Cha kushoto kilikuwa kimelika zaidi ukingo wa nje, karibu na kisigino. Nikaona mara moja kosa liko wapi: uzito ulikuwa unaanza kuegemea nje, na ukingo ule unataka kunyanyuliwa milimita moja, moja na nusu hivi. Nikainuka, nikawasha kompyuta, nikafungua faili la mguu wake, nikatafuta mstari wenyewe, nikafuta namba ya zamani.

Nilikuwa nimeshaandika mpya ndipo nikakumbuka.

Halafu nikahifadhi.